Kikomo cha ofisi bila nafasi ya soko ni kazi nusu

Bei ya tenga la nyanya mjini haipangwi na mvua peke yake. Ndani yake mna nauli ya gari, ushuru, mkono wa dalali na kodi ya mahali nyanya hizo zinapouzwa. Mambo matatu ya kwanza mkulima anayafahamu vizuri kwa sababu hukutana nayo njiani. La nne halioni, kwa kuwa hupangwa mbali na shamba lake, katika ramani za mipango miji zinazoonyesha kiwanja kipi ni cha duka, kipi ni cha soko na kipi ni cha ofisi.

Ramani hizo huonekana kuwa ni mambo ya wataalamu na wenye maghorofa. Lakini mwenye kizimba cha vitunguu, mama lishe, fundi cherehani na mkulima anayewapelekea mzigo ndio wa kwanza kuumia zinapochorwa vibaya. Mara nyingi pia ndio wa mwisho kupata habari.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Kiwanja chenye soko humwingizia mwenyewe kodi ya sakafu moja, au mbili. Kiwanja hicho hicho kikiruhusiwa kujengwa ofisi za ghorofa 20, kitaingiza kodi ya sakafu 20. Pale ambapo sheria inaruhusu vyote viwili, bei ya ardhi itafuata uwezo wa ofisi, si uwezo wa nyanya. Hahitajiki mgambo wala katapila kumwondoa mchuuzi. Kodi ikipandishwa mara mbili au tatu, ataondoka mwenyewe.

Ndiyo maana baadhi ya miji duniani imeweka kikomo cha ujenzi wa ofisi katika maeneo ya biashara. Mfano unaojulikana sana ni San Francisco, jiji la bandari katika jimbo la California, Marekani. Jiji hilo limeishi na kikomo cha aina hiyo tangu miaka ya 1980, muda unaotosha kabisa kuonyesha faida zake na kasoro zake. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Ni vyema wakulima na wafanyabiashara wadogo wa hapa nchini wakaifahamu habari hiyo.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, soko la jumla la mboga na matunda la San Francisco lilikuwa katikati ya jiji, karibu na gati za bandari na jirani na mtaa wa mabenki. Kwa viongozi wa wakati huo, eneo hilo lilikuwa na msongamano na majengo chakavu, na ardhi yake ilikuwa ya thamani kubwa mno kuachiwa makasha ya matunda. Mwaka 1963 soko lilihamishiwa Bayview, kusini mashariki mwa jiji. Mahali pake pakajengwa nyumba za makazi za Golden Gateway na, kati ya mwaka 1971 na 1982, majengo manne marefu ya ofisi yanayoitwa Embarcadero Center.

Soko lenyewe halikufa. Lilipewa ardhi ya jiji huko lilikohamia, na lingali likifanya kazi hapo hadi leo. Jambo hilo linapaswa kukumbukwa, kwa sababu ndilo linalotenganisha kuhamisha soko na kuua soko. Soko lililohamishiwa kwenye ardhi ya umma lina mahali pa kusimama. Soko linaloambiwa litafute lenyewe pa kwenda huishia barabarani.

Hata hivyo, ofisi ziliendelea kuongezeka na katikati ya jiji pakazidi kubadilika. Wakazi wengi walilalamika kwamba jiji lao linageuzwa kuwa Manhattan ya pili. Kuanzia mwaka 1971 hoja za kuzuia majengo marefu zilipelekwa kwenye masanduku ya kura mara kadhaa, na zikashindwa. Mwaka 1985 jiji lenyewe lilipitisha mpango wa eneo la katikati uliokuwa na kikomo cha muda cha ujenzi wa ofisi. Mwaka uliofuata, Novemba 1986, wapiga kura waliikubali kwa tofauti ndogo hoja iliyopewa herufi M, na kikomo kikawa cha kudumu.

Sheria hiyo iko wazi. Ofisi mpya zinazoweza kuidhinishwa kwa mwaka mmoja ni futi za mraba 950,000, yaani takribani meta za mraba 88,000. Katika kiasi hicho, futi 75,000 zimetengwa kwa ajili ya majengo madogo ili yasimezwe na makubwa. Jengo la ofisi lenye futi za mraba 25,000 au zaidi, sawa na meta za mraba 2,300 hivi, linahesabiwa. Kiasi kisichotumika mwaka huu huongezwa kwenye hesabu ya mwaka ujao. Aidha, kwa kuwa miradi mingi ilikwishaidhinishwa kabla ya kura hiyo, kikomo kilipunguzwa kwa nusu kwa miaka kadhaa hadi deni hilo lilipomalizika.

Kwa mfanyabiashara mdogo, sehemu yenye uzito zaidi katika sheria hiyo haina tarakimu hata moja. Hoja M iliweka kanuni nane ambazo mipango yote ya jiji inapaswa kuzifuata. Kanuni ya kwanza inasema maduka yanayowahudumia wakazi wa mitaani yahifadhiwe na kuimarishwa, na wakazi wapate nafasi ya kuajiriwa humo na kuyamiliki. Kanuni nyingine inataka viwanda na shughuli za huduma zilindwe zisisukumwe nje na ujenzi wa ofisi. Yaani duka la mtaani na karakana vilitajwa katika sheria kama mali ya jiji inayostahili ulinzi. Katika miji mingi vitu hivyo havitajwi kabisa, na kisichotajwa hakina wa kukitetea.

Kanuni hizo zilifuatiwa na utaratibu wa vitendo. Mwaka 1987 jiji lilianza kutumia kanuni mpya kwa maeneo ya biashara ya mitaani, ambazo zinapanga matumizi kwa kila ghorofa. Ghorofa ya chini, inayotazamana na barabara, inapewa kipaumbele cha maduka na huduma ambazo mpita njia anaweza kuingia na kununua. Katika mengi ya maeneo hayo, ofisi za utawala ambazo hazimhudumii mteja wa mlangoni haziruhusiwi kuchukua nafasi hiyo. Ukubwa wa duka moja nao una kiwango, na anayetaka kuzidi hapo lazima aombe kibali maalumu.

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Kikomo cha meta za mraba kinapunguza mwendo wa ofisi katika jiji zima, lakini hakimwambii mwenye jengo fulani amkodishe nani. Ulinzi wa ghorofa ya chini ndio unaomfikia mwenye fremu. Pale vilipokwenda pamoja, mitaa ya maduka madogo ilipata nafasi ya kupumua. Palipokuwa na tarakimu tupu, mwenye jengo alipata njia ya kupita.

Njia hizo hazikukosekana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni za kompyuta na intaneti zilimiminika San Francisco na mahitaji ya ofisi yakapita kikomo. Kampuni nyingi zilikwenda kwenye majengo ya zamani ya viwanda na maghala katika maeneo ya Mission na South of Market. Kulikuwa na mabishano makali kuhusu iwapo sehemu yenye meza na kompyuta ni ofisi au ni karakana ya aina mpya. Wakati mabishano yakiendelea, wachapaji, maseremala, mafundi magari na wasanii walikuwa wakipandishiwa kodi na kuondoka. Mwaka 2001 biashara nyingi za intaneti zilianguka, na ofisi nyingi zikabaki tupu, lakini fundi aliyekwisha kufunga karakana yake hakuwa na uwezo wa kurudi.

Ilichukua jiji miaka mingi kuziba ufa huo. Mwaka 2008 liliidhinisha mpango wa mitaa ya mashariki ambao ulitenga maeneo maalumu kwa uzalishaji, usambazaji na ukarabati, na kuweka masharti makali dhidi ya ofisi ndani ya maeneo hayo. Hatua hiyo ilikuwa nzuri lakini ilichelewa kwa wengi. Kikomo kisichoeleza waziwazi ofisi ni kitu gani hugeuka kuwa mlango wenye kufuli upande mmoja.

Wapo pia wanaopinga vikomo vya aina hii kwa hoja nzito, na haifai kuwapuuza. Wanasema ofisi zikizuiwa kujengwa wakati mahitaji yapo, kodi ya zilizopo itapanda, na atakayefaidika ni mwenye jengo la zamani. Wanaongeza kwamba waajiri watahamia miji jirani, na ajira zitakwenda pamoja nao. Hoja hizo zina ukweli. Mwanasheria kijana, mhasibu anayeanza na ofisi ndogo ya wakala wa pembejeo nao wanahitaji chumba cha bei nafuu, na si haki kuwafungia mlango kwa jina la kumlinda muuza matunda.

Lakini hoja hizo hazithibitishi kwamba soko liachiwe bei ya ardhi peke yake. Zinachothibitisha ni kwamba kikomo kinapaswa kuwa na shabaha. Ofisi zinaweza kuruhusiwa juu huku ghorofa ya chini ikiwa ya maduka. Zinaweza kuruhusiwa katika eneo moja na kuzuiwa katika eneo jirani lenye soko. Na zinaweza kuruhusiwa kwa sharti kwamba atakayelichukua eneo la soko alipe gharama ya soko jingine kabla ya kuanza kubomoa.

Sharti la namna hiyo ndilo lililotumika katika suala la soko la jumla la maua la San Francisco. Soko hilo lina historia ya wakulima wa maua wenye asili ya Italia, China na Japani, na tangu mwaka 1956 lilikuwa katika makutano ya mitaa ya Sixth na Brannan. Mwaka 2014 kampuni ya majengo ya Kilroy ilianza kununua eneo hilo kwa nia ya kujenga ofisi. Mradi ulipoidhinishwa mwaka 2019, ulikuja na wajibu wa kuwapatia wauza maua mahali pengine pa kufanyia biashara. Soko limepewa jengo katika eneo la Potrero Hill. Haina maana kwamba kila muuza maua ameridhika, kwani kuhama ni gharama na wateja huchukua muda kuzoea. Lakini hawakuachwa mikono mitupu, na hilo halikutokana na huruma ya mwekezaji. Lilitokana na masharti ya kibali.

Kisha ukaja mwaka 2020, ambao ulitoa somo jingine. Machi 3 mwaka huo wapiga kura wa San Francisco waliikaza zaidi sheria yao, wakaufungamanisha ujenzi wa ofisi kubwa na ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Wiki mbili baadaye jiji lilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Wafanyakazi wa ofisini walianza kufanyia kazi nyumbani, na wengi hawakurejea. Jiji ambalo kwa miongo mitatu lilikuwa likigombania kila futi ya ofisi lilijikuta, kufikia mwaka 2023, likiwa na zaidi ya asilimia 30 ya nafasi za ofisi zisizo na mpangaji. Baraza la jiji lilianza kulegeza kanuni za eneo la katikati ili majengo ya ofisi yaweze kugeuzwa nyumba za kuishi.

Walioumia haraka katika kipindi hicho ni wauza chakula cha mchana, vinyozi, wenye vibanda vya kahawa na mafundi viatu waliokuwa chini ya maghorofa hayo. Biashara zao zilitegemea aina moja ya mteja, anayefika saa mbili asubuhi na kuondoka jioni. Alipoacha kuja, hapakuwa na mwingine wa kuziba pengo. Mitaa ya biashara yenye wakazi juu na maduka chini ilikuwa na wateja wa karibu, kwa sababu watu wanaofanyia kazi nyumbani bado wanakula, wananyoa na wananunua sabuni.

Kwa mantiki hiyo, eneo la biashara lililojaa ofisi tupu si ushindi kwa mfanyabiashara mdogo, hata kama fremu yake haijaguswa. Anachohitaji ni mchanganyiko wa wakazi, ofisi, maduka na soko katika umbali wa kutembea. Kikomo cha ofisi kina maana iwapo kinalinda mchanganyiko huo.

Hapa Tanzania masuala haya si mageni. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa matumizi ya ardhi mijini, na matumizi ya kiwanja hayapaswi kubadilishwa bila kibali. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, wizara ziliondoka Dar es Salaam pamoja na wafanyakazi wake, na waliokuwa wakiwapikia na kuwauzia wakaonja kile ambacho San Francisco ingekionja miaka minne baadaye. Na Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilipoungua Julai 2021, ilidhihirika jinsi sakafu moja ya soko mjini inavyobeba maisha ya watu wengi walio mbali nayo. Wafanyabiashara walilazimika kutafuta pengine pa kuuzia, na wakulima wakalazimika kuwatafuta wanunuzi wao upya.

Zipo hatua ambazo halmashauri za majiji na miji zinaweza kuzichukua bila kusubiri kuwa na maghorofa mengi kama ya San Francisco. Kwanza, maeneo ya masoko yapimwe, yapewe hati kama ardhi ya umma na yaandikwe hivyo katika mipango kabambe, ili thamani ya ardhi inapopanda pasiwepo wa kuyauza kimyakimya. Soko lisilo na hati ni kiwanja kinachosubiri mnunuzi.

Pili, vibali vya maghorofa katika mitaa ya biashara vitolewe kwa sharti kwamba ghorofa ya chini iwe na fremu ndogo zinazofunguka barabarani. Kuta ndefu za vioo zenye mlango mmoja na mlinzi huua biashara ya mtaa mzima. Tatu, mradi wowote utakaochukua eneo la soko au karakana uonyeshe kwanza mahali mbadala palipo tayari, ambapo wateja hupita na magari ya mizigo hufika. Jengo la Machinga Complex jijini Dar es Salaam, ambalo kwa muda mrefu baada ya kukamilika lilibaki na vizimba visivyo na watu, limekwishaonyesha kwamba kujenga nafasi si sawa na kujenga soko.

Nne, sheria ndogo zieleze kwa lugha nyepesi ofisi ni nini, duka ni nini na karakana ni nini, ili mwenye jengo asibadilishe kibao cha mlangoni na kuikwepa sheria.

Wajibu hauko kwa serikali peke yake. Vyama vya wafanyabiashara, vikundi vya wachuuzi na vyama vya ushirika vya wakulima vina desturi ya kukutana kuzungumzia bei, mikopo na pembejeo. Ni nadra ajenda kuwa na mabadiliko ya matumizi ya ardhi, ingawa kibali kimoja cha namna hiyo kinaweza kufuta wanunuzi ambao kikundi kimewatafuta kwa miaka kumi. Tangazo la kubadili matumizi ya kiwanja likibandikwa ofisi ya serikali ya mtaa au kutoka gazetini, lisomwe. Diwani aulizwe. Pingamizi liandikwe mapema, wakati ramani bado ni karatasi, kwa sababu msingi wa zege ukishamwagwa hakuna barua inayoweza kuung'oa.

Wakulima wa mbali nao wasidhani kwamba hayo ni ya watu wa mjini. Huko huko San Francisco, soko la wakulima lililoanza mwaka 1943, wakati mazao yalikuwa yakikosa wanunuzi mashambani, lilihamishiwa eneo la Alemany mwaka 1947 na lingali likifanyika hapo. Limedumu kupita kikomo cha ofisi, kupanda na kuanguka kwa kampuni za intaneti, na hata janga la mwaka 2020. Halikuwa na uwezo wa kushindana kwa kodi na benki wala kampuni ya kompyuta, na halikulazimika kushindana, kwa kuwa linafanyika kwenye ardhi ya jiji.

Halmashauri zinazoandaa mipango mipya ya miji zina nafasi ya kuweka jambo hilo sawa tangu mwanzo. Ofisi zitakuja na zitaondoka kadiri uchumi unavyobadilika. Watu wataendelea kula kila siku, na mkulima ataendelea kuhitaji mahali pa kushushia mzigo.